Kiboko wa Langoni Huuliza Umemuaga Nani

Mhariri wa kitabu changu cha kwanza cha vijana alinirudishia sura ya pili ikiwa imepigwa mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Pembeni alikuwa ameandika kwamba safari inachelewa kuanza. Mashujaa wangu watatu wanatakiwa kuingia chini ya ziwa wakaurudishie mlima sauti yake, lakini sura nzima wanazunguka kwenye nyumba za ndugu, wakiaga. Msomaji wa umri ule, alisema, hana haja ya kusalimia mashangazi. Anataka kuingia majini.

Nilimpigia simu nikamwambia sura ile haitoki. Akauliza kwa nini. Jibu langu lilikuwa refu kuliko salio nililokuwa nalo, kwa hiyo naliweka hapa kwa mpangilio, kama mambo yalivyofuatana.

Tulihamia Babati wakati mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Baba alikuwa mtumishi wa ofisi, na ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vya kupanga ambamo meza zilifika kabla ya viti, akawa anaandika amesimama. Tulipata nyumba Nakwa. Upande mmoja alikaa mfanyabiashara wa vipuri kutoka Moshi, upande mwingine fundi aliyekuwa akienda Mirerani na kurudi, na nyuma yetu kulikuwa na shamba la mahindi la watu waliokuwapo kabla yetu sote. Mjini watu walikuuliza ulikotoka kwanza, jina lako baadaye.

Mwenzangu wa dawati kidato cha pili, msichana kama mimi, alitoka nyanda za juu za Mbulu. Wazazi wake walikuwa wakulima huko, naye aliletwa kwa baba yake mdogo aliyekaa Singe ili asome shule yetu ya kutwa. Alikuja kila asubuhi akiwa amebeba viatu ndani ya mfuko wa plastiki, akavivaa getini. Kiswahili chake kilikuwa kizuri sana, cha kitabuni, na akikasirika kilizidi kuwa kizuri.

Urafiki wetu ulianza na kitabu kisicho na jalada. Mwalimu mmoja aliyehamishwa alikiacha kabatini. Kilikuwa cha Kiingereza, hadithi ya kijana yatima anayeondoka nyumbani kwenda nchi ya maajabu kuwaokoa watu asiowajua, na njiani anapata marafiki ambao wanakuwa ndugu zake. Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa na afadhali, wakati wa mapumziko nilikaa chini ya paa la darasa nikasoma kimya, kisha nikawasimulia wenzangu kwa Kiswahili huku wakila mihogo ya kukaanga. Tulifika mahali ambapo kijana anatoka dirishani asubuhi na mapema, nyumba nzima imelala.

Mwenzangu alinikatiza. "Subiri. Hana baba mkubwa?"

"Hana."

"Baba mdogo?"

"Kitabu hakisemi."

"Shangazi je? Mtu anakosaje shangazi?"

Msichana aliyekuwa akila mihogo alisema, "Anaye, yuko Singida. Amekosa nauli."

Tulicheka, lakini mwenzangu hakucheka. Alitaka kujua. "Halafu anapita dirishani. Nyumba haina mlango?"

"Hataki waamke."

"Kwa hiyo hawajui alikokwenda. Akipotea huko kwenye maajabu, nani atamfuata?"

Nilisoma mbele kidogo kuona kama mwandishi alikuwa na jibu, naye hakuwa nalo. Marafiki wa kijana yule walikuwa waaminifu kwa namna ambayo wakati huo niliiona nzuri kuliko zote: walitunza siri, walidanganya wakubwa kwa ajili yake, na walimfuata kila alikopita bila kuuliza. Nilitaka kuwa na rafiki wa aina hiyo. Nilitaka zaidi kuwa rafiki wa aina hiyo.

Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Kitabu kilipotuishia mikononi tulitunga cha kwetu. Ziwa tulikuwa nalo hapo hapo, pamoja na viboko wake, na mlima Kwaraa ulikuwa juu yetu. Tukasema mlima umeibiwa sauti, ndiyo maana mvua haisikii inapoitwa, na sauti imefichwa katika mji ulio chini ya ziwa, mji ambao nyumba zake zinaning'inia kichwa chini. Mimi nilikuwa mtu wa sentensi. Yeye alikuwa mtu wa sheria. Kila nilipotaka kitu kitokee kwa sababu tu ni cha ajabu, aliuliza kinatokea kwa sheria gani.

Shujaa wetu wa kwanza, msichana, alishindwa hata kuondoka. Alikuwa na ndugu wengi mno. Kila akifika njiani anakutana na mama mkubwa, anatoa shikamoo, anaulizwa habari za nyumbani, anapewa mzigo wa kupeleka mahali. Wenzetu walicheka hadi kengele ikagongwa. "Mpitishe dirishani," nikamwambia mwenzangu, "tutazeeka hapa."

Siku iliyofuata alikuja na sheria yake. Langoni mwa mji wa chini ya ziwa amekaa kiboko. Haulizi nguvu wala fumbo. Anauliza, "Umemuaga nani?" Ukimtaja mtu uliyemuaga, kiboko anafungua mdomo, unapita. Kwa maana kila uliyemuaga anabaki ameshika ncha ya kamba, na ncha nyingine imefungwa kiunoni mwako hata kama huioni. Siku ya kurudi unavutwa na kamba hizo. Asiyemuaga mtu anaweza kuingia kwa kupitia nyuma, hakuna anayemkataza, lakini ziwa linaisahau njia yake.

Yule msichana wa mihogo akasema, "Hiyo sheria ni kali, dada." Ikabaki hivyo. Tangu siku ile kila shujaa wetu aliaga.

Hadithi ilikuwa imefika katikati ya mji wa chini ya ziwa wakati habari ilipotoka Mbulu. Ilikuwa msimu wa kuvuna mbaazi. Bibi yake, mama wa baba yake, alikuwa ameanguka na kuumia nyonga, hawezi kuinuka mwenyewe. Baba yake alituma neno kwa mtu aliyekuja mnadani: shule ikifungwa, msichana apande nyumbani amtunze bibi. Kuhusu kurudi shule hakusema kitu, na mwenzangu alijua maana ya kutosema. Baba mdogo alikubali siku hiyo hiyo. Baba wa mwenzangu ni kaka yake mkubwa, na alikuwa ameshasema.

Aliniambia tukiwa njiani kutoka shule, amebeba viatu. "Bibi ndiye aliyenilea," alisema. "Nikikataa, nimemkataa yeye. Nikikubali, shule imekwisha. Kwa hiyo sitajibu. Nitaondoka."

Kulikuwa na binti wa kijijini kwao aliyekuwa akiuza duka Arusha. Binti huyo aliwahi kumwambia kwamba mtu anaweza kufanya kazi mchana na kusoma jioni. Mpango ulikuwa huu: Jumatatu angetoka Singe na sare yake kama kawaida, angeipita shule bila kuingia, angekwenda stendi. Mimi ningemwambia mwalimu kwamba anaumwa. Baba yake mdogo akija kuniuliza, ningesema amebaki masomo ya ziada. Hadi watakapojua, atakuwa ameshafika.

Hayo ndiyo mambo niliyokuwa nimeyatamani nikisoma kitabu kisicho na jalada. Siri, uongo wa kumlinda rafiki, dirisha. Nilivitazama viatu vyake mkononi na nikasikia mdomo wangu unauliza, "Umemuaga nani?"

Alisimama. "Usiniletee hadithi."

"Hadithi ni yangu. Sheria ni yako."

"Nilitunga tu."

"Ulitunga ukiwa na akili timamu, mbele ya darasa zima."

"Rafiki wa kweli angenisindikiza hadi stendi," alisema, kwa Kiswahili kile kizuri.

"Nitakusindikiza. Ukiwa umeaga."

Aliondoka bila kuniaga, na ninadhani alifanya makusudi. Siku chache tulikaa dawati moja kama watu wawili wanaosubiri mabasi tofauti. Wenzetu walidai mwendelezo wa hadithi, tukawaambia mji umefungwa kwa matengenezo. Sikuripoti kwa mtu, lakini pia sikurudi nyuma. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri kwamba sitasema uongo ule, na kwamba sitamwacha aondoke bila kamba hata moja.

Ijumaa alisukuma daftari langu pembeni akaegemea. "Nikiaga watanizuia."

"Wakikuzuia itabidi waseme kwa nini. Sasa hivi hakuna aliyesema kitu. Baba yako hakusema, baba mdogo hakusema, na wewe hutaki kusema."

Alinirudishia daftari langu. "Utasimama na mimi?"

"Upande wa kulia," nikamwambia, kwa sababu katika hadithi yetu ndivyo ilivyokuwa: mwenye safari anasimama mbele ya wakubwa, mwenzake kulia kwake, na anaeleza kwa utaratibu aendako, njia atakayopita na siku ya kurudi.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Singe, tukiwa bado na nguo za kanisani. Yeye alivaa gauni jeupe la kipaimara lililokuwa limeongezewa kitambaa chini. Uani kulikuwa na turubai limejaa mbaazi kavu, na baba mdogo alikuwa akizipura kwa fimbo polepole, maana ilikuwa Jumapili. Mke wake alikuwa jikoni. Kwenye kigoda, mgongo ukutani, alikaa shangazi yao, mwanamke mzee ambaye baba mdogo na kaka zake wote walimwogopa. Aliteremka kutoka Mbulu kutibiwa macho hospitalini, akawa amekaa hapo wiki kadhaa. Kiswahili alikijua cha sokoni, na lafudhi ya kwao ililiburuta kila neno. Jambo moja sikuwa nikilijua: Jumamosi iliyotangulia, yaani jana yake, jirani alimchukua shangazi kwenda kutazama sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa huyo jirani anayekwenda kuolewa. Alikuwa hajawahi kuona sherehe hiyo. Alimwona binti mwenye gauni jeupe akisimama mbele ya wazazi, mpambe wake upande wa kulia, akisema amekuja kuwaaga.

Tulitoa shikamoo, tukaitikiwa marahaba. Tukasimama. Mwenzangu alishusha pumzi.

"Baba mdogo, shangazi," alisema, "nimekuja kuaga."

Shangazi alipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu na cha nguvu kuliko mwili wake, na kabla hakijaisha mke wa baba mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi, na jirani akachungulia juu ya uzio.

"Hamkuniambia," shangazi alisema, akiinuka kwa kushika ukuta. "Ng'ombe wamekuja lini?"

"Ng'ombe gani?" baba mdogo aliuliza.

"Na mpambe wake huyu ni wa wapi? Mwembamba hivi. Wa mjini?"

"Shangazi, hakuna ng'ombe."

"Hakuna ng'ombe?" Aligeuka kwa mwenzangu. "Unaagwa bure?"

Baba mdogo aliweka fimbo chini. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alinitazama mimi kwanza. "Wewe ndiye umeleta maneno? Kijana ni nani?"

"Hakuna kijana, baba," nilisema. "Mimi ni wa darasani kwake."

Jirani juu ya uzio akasema, "Sendofu isiyo na bwana, hiyo ya kisasa," na mke wa baba mdogo akamwambia arudi kwenye chungu chake kinaungua.

Mwenzangu alikuwa ameanza kulia, lakini hakuondoka aliposimama. Alisema kila kitu kwa utaratibu, kama tulivyopanga. Aendako ni Arusha, kesho. Njia ni basi la asubuhi. Siku ya kurudi haijui. Halafu akaongeza ambayo hatukuyapanga: hataki kwenda Arusha, anataka kufanya mtihani wa kidato cha pili, na anataka bibi yake atunzwe, na amejaribu kuyaweka mambo hayo mawili katika mwili mmoja yakakataa.

Kuku alipanda kwenye mbaazi na hakuna aliyemfukuza.

Shangazi ndiye aliyesema, polepole. "Bibi yake atunzwe kwa nini?"

Hapo nikaona baba mdogo akitazama ardhi, nikaelewa kwamba shangazi hajui. Mwanamke aliyeanguka alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake marehemu. Walikuwa wamegombana miaka mingi iliyopita juu ya ndama, na tangu hapo ukoo mzima ulijifunza kutotaja jina la mmoja mbele ya mwingine. Watu walikuwa wamekaa na shangazi nyumba moja wiki zote hizo, wanakula naye, wanampeleka hospitali, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Baba mdogo alimwambia. Alimwambia akiwa amesimama kama mwanafunzi.

"Wifi yangu ameanguka," shangazi alisema, "na mimi naambiwa leo, kwenye sendofu isiyo na bwana."

"Tuliogopa, shangazi. Yale mambo ya ndama."

"Ndama alishakufa. Watoto wake wameshakufa." Alikaa tena kwenye kigoda. Mke wa baba mdogo alimletea chai, akaishika bila kunywa. "Nani anamgeuza kitandani?"

"Majirani, kwa zamu. Ndiyo maana kaka amesema huyu aende."

"Nitakwenda mimi."

"Shangazi, macho yako."

"Yeye hatembei, mimi sioni vizuri. Tukiwekwa pamoja tunakuwa mtu mmoja mzima."

"Mtagombana."

"Tutagombana. Unadhani amelala pale anangoja nini?"

Baba mdogo alijaribu mara moja ya mwisho. "Kaka ameshasema."

"Kaka yako nimembeba mgongoni akinilowesha. Mwambie shangazi amesema baada yake."

Kisha akamwita mwenzangu asogee, akamshika gauni kwenye kile kitambaa cha nyongeza, akakipapasa kama anayekagua ushonaji. Aliweka masharti yake. Kila likizo atapanda Mbulu awasaidie wote wawili, kuchota maji na kutafuta kuni, bila kunung'unika. Maneno ya Arusha hataki kuyasikia tena. "Haya," alisema, "aga vizuri sasa. Unakwenda wapi?"

"Shule."

"Unarudi?"

"Narudi, shangazi."

"Nenda." Na akapiga kigelegele cha pili, kifupi, kwa sababu, alisema, kile cha kwanza kilikuwa kimepotea bure.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na sitaki kuandika kama ilikuwa rahisi. Baba yake alikasirika, akakaa muda mrefu bila kutuma salamu. Likizo mwenzangu alirudi mikono imepasuka kwa maji ya baridi ya kule juu. Wiki za mwisho kabla ya mtihani alilala kwetu Nakwa ili asome, na mama yangu alikwenda Singe mwenyewe kumwombea ruhusa, maana naye alisema hawezi kukaa na mtoto wa watu bila kuagwa kwao. Alifanya mtihani. Alifanya na ule wa kidato cha nne. Bibi hakutembea tena, lakini aliishi, na wale wawili waligombana hadi mwisho, mmoja akiwa miguu na mwingine akiwa macho.

Nimesoma hadithi nyingi za safari za maajabu tangu wakati huo, na sasa naziandika. Karibu zote zinaanza kwa kumwondoa mzazi njiani ili mtoto awe huru kwenda. Ninaelewa sababu: mwandishi ana haraka, na ndugu ni wengi, wanauliza maswali. Lakini mimi nilimwona msichana wa kidato cha pili akisimama mbele ya maswali hayo na gauni la kipaimara, bila upanga, na sijaona shujaa aliyefika mbali kuliko pale uani Singe. Nilisimama kulia kwake na sikufanya kitu kingine. Kwa urafiki ule ilitosha, na ndiyo maana mashujaa wangu wanaaga.

Kabla ya kumjibu mhariri nilimsomea mwenzangu sura ya pili kwa simu. Anaishi Mutuka, ana shamba la mbaazi, anafundisha shule ya msingi, na watoto wake humwita kila baada ya dakika chache, kwa hiyo nilisoma kwa vipande.

"Shangazi hayumo," alisema nilipomaliza.

"Yupo. Ukurasa wa pili, anayempa mzigo."

"Huyo ni shangazi yeyote. Namtaka wa kigelegele."

Kwa hiyo sikuifuta sura, niliirefusha. Niliongeza mwanamke mzee asiyeona vizuri, anayepiga kigelegele mahali pasipo pake, na baada ya hapo kila mtu analazimika kusema ukweli. Nikairudisha kwa mhariri pamoja na maelezo haya.

Alijibu kwa sentensi mbili. Sura ibaki. Halafu akauliza: yule ndama, alikuwa wa nani?

Nilimuuliza mwenzangu. Anasema hata leo, kwao, swali hilo haliulizwi.